Usaha Ufike Maabara Kabla ya Dawa

Hotuba iliyotolewa Ngamiani, Tanga, mbele ya wauguzi wa zahanati, wenye maduka ya dawa muhimu, wavuvi, wakulima wa mwani na wazazi

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa mtaa, wazee wetu, mama zangu, wauguzi wenzangu, wenye maduka ya dawa, nanyi wavuvi mlioacha vyombo vyenu leo ili mje kunisikiliza: assalaam alaykum, na kwenu ndugu zangu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Nawashukuru kwa kuniita.

Mmeniomba nieleze jinsi maabara inavyomtambua mdudu aliyejificha ndani ya jipu, kidonda au upele uliotunga usaha. Nitaeleza kwa urefu, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifanya kila siku na ninaipenda. Lakini jambo lililonitoa nyumbani ni moja: kipimo hiki hutengemaa au huharibika kabla sampuli haijafika mikononi mwetu. Huharibikia nyumbani, huharibikia dukani, na mara nyingine, naomba wauguzi mnisamehe, huharibikia juu ya meza ya zahanati. Sisi wa maabara hatuna namna ya kumfufua mdudu aliyekwisha kulemazwa na nusu dozi, wala hatuwezi kumtaja mdudu ambaye hakuchukuliwa.

Miaka kadhaa iliyopita tulipokea sampuli ya mvuvi aliyechomwa na mwiba wa taa juu ya kifundo cha mguu. Jeraha lilikuwa limetimiza wiki sita. Siku ya kwanza alilikanda kwa maji ya moto, na hapo alifanya vyema, maana joto hupunguza makali ya sumu ya taa. Kidonda kilipoanza kuchuruza usaha, alinunua kapsuli za rangi mbili, akawa anameza moja asubuhi na moja jioni, na nyingine anaifungua na kuunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Mtoki ulipomtokea kinenani, akaongeza vidonge vya aina nyingine vilivyobaki nyumbani tangu ugonjwa wa mtu mwingine. Sampuli iliyotufikia ilikuwa imepanguswa juu ya ganda la unga ule. Tuliiotesha kwa saa 48, hakikuota kitu. Tukaandika kwamba hakuna bakteria walioota. Maneno hayo yalikuwa ya kweli kuhusu sampuli, lakini hayakuwa ya kweli kuhusu mguu wa mtu yule.

Daktari wake hakuridhika. Kwa kuwa mgonjwa hakuwa na homa wala dalili za maambukizi kuenea mwilini, alimsimamishia dawa kwa siku kadhaa, akaagiza kidonda kioshwe kila siku kwa maji safi ya chumvi yanayotumika hospitalini, kisha akakata kipande kidogo cha nyama kutoka chini kabisa ya kidonda akatuletea. Kesho yake asubuhi nilipofungua kabati la kuoteshea, kisahani kilikuwa kimegeuka kijani, na harufu tamu kama ya zabibu zilizoiva ikanifikia kabla sijakishika. Alikuwa sudomona, mdudu apendaye unyevunyevu, ambaye zile kapsuli za mvuvi hazimgusi hata kidogo. Wiki sita mtu yule alikuwa akilipa fedha kumlisha mwilini mwake dawa adui asiyekuwapo.

Neno tunalotumia kwa kazi hii ni kuotesha, na naona waliolichagua walichagua vizuri, kwa sababu kisahani chetu ni kitalu hasa. Bakteria mmoja haonekani kwa macho, na hata ukimwona kwa hadubini, hujamjua tabia. Lakini ukimweka mahali penye chakula, unyevu na joto la mwili, yaani nyuzi 35 hadi 37, atagawanyika wawe wawili, wawili wawe wanne, na wengi wao hufanya hivyo kila baada ya dakika 20 hadi 30. Baada ya saa 18 hadi 24, yule mmoja amekuwa kundi la mamilioni, nasi tunaliona kama tone dogo lenye rangi yake, umbo lake na mng'ao wake. Tone moja ni ukoo mmoja. Ndipo tunapoweza kumchukua peke yake, bila kuchanganyika na majirani, tukamuuliza maswali.

Udongo wa kitalu hicho, mama zangu wa Kigombe na Mkinga, unatoka baharini. Huitwa agari, nao hupikwa kutokana na aina fulani za mwani mwekundu. Mwani mnaoulima ninyi, ule wa spinosamu na kotonii, ni wa jamii hiyohiyo nyekundu, ingawa wenu hutoa utomvu mwingine uitwao karajini, unaotumika kugandisha vyakula na kutengeneza dawa za meno. Kabla ya agari, watafiti walioteshea bakteria juu ya vipande vya viazi au juu ya jelatini. Jelatini huyeyuka kwenye joto la mwili, na isitoshe wapo bakteria wanaoila ikageuka maji, kila kitu kikachanganyika. Mwaka 1881 mama mmoja aitwaye Fanny Hesse, mke wa daktari Walther Hesse aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch kule Ujerumani, alimshauri mumewe ajaribu agari aliyokuwa akiitumia jikoni kugandishia vitu vitamu, kwa kuwa haikuyeyuka hata wakati wa joto. Yeye mwenyewe aliijua kutoka kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Koch huyo ndiye aliyekuja baadaye Afrika Mashariki na kufika hata katika milima yetu ya Usambara akichunguza malaria. Mwaka 1887 msaidizi wake, Julius Richard Petri, akatengeneza kisahani chenye kifuniko ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Jina la Petri hutajwa kila siku maabara, la mama Hesse halitajwi, nami kila ninapomimina agari huona hilo si haki. Maarifa ya jikoni ndiyo yaliyofungua mlango.

Sasa tumtazame mkosaji mkuu wa majipu. Mwaka 1880 huko Aberdeen, Scotland, daktari wa upasuaji Alexander Ogston alichukua usaha kutoka kwenye jipu, akautazama kwa hadubini, akakuta vidude vya mviringo vimejikusanya. Siku zile madaktari wengi waliuhesabu usaha kuwa hatua ya kawaida ya kidonda kupona. Ogston akavioteshea vidude vyake ndani ya mayai mapya ya kuku, katika kibanda nyuma ya nyumba yake, na akaonyesha kwamba ndivyo vinavyoleta jipu. Mwaka 1882 akawapa jina la stafilokoki, kutokana na neno la Kigiriki la kichala cha zabibu. Wenzao, streptokoki, hujipanga mstari, kama asumini zilizotungwa kwenye uzi. Hawa wawili ndio wanaosababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya ngozi tunayoyaona: majipu, vidonda vya watoto vyenye magaga ya rangi ya asali puani na mdomoni, tambazi linaloenea na kuufanya mguu uwe mwekundu na moto.

Sampuli ikifika, sehemu yake tunaipaka juu ya kioo na kuitia rangi kwa njia aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884: kwanza rangi ya zambarau, kisha ayodini, kisha spiriti ya kuosha, na mwisho rangi nyekundu. Wale wenye ukuta mnene hubaki zambarau, wengine huoshwa na kupokea wekundu. Kazi hii haichukui saa moja, na daktari anaweza kupigiwa simu siku hiyohiyo. Sehemu nyingine tunaiotesha juu ya visahani vya aina mbalimbali. Cha kwanza kina agari iliyochanganywa na damu ya kondoo. Stafilokoki wa majipu juu ya damu hiyo hutoa makundi manono, mara nyingi yenye rangi ya dhahabu, na wengi wao huzungukwa na duara jeupe mahali walipovunja chembe za damu. Streptokoki wa kundi A hutoa vinukta vidogo mno, lakini duara lake ni pana na safi kama kioo kilichofutwa. Kisahani kingine, kiitwacho MacConkey, huwazuia hao wote na kuwaachia nafasi bakteria wa jamii ya matumboni na sudomona. Cha tatu kina chumvi asilimia 7.5, ambayo wengi hawaivumilii. Stafilokoki huivumilia, na yule wa majipu hubadilisha rangi ya agari kutoka nyekundu kuwa manjano.

Baada ya hapo ndipo maswali yenyewe. Tunachukua kidogo cha kundi na kukichovya katika tone la haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu mnayoijua kwa kusafishia vidonda. Likitoka povu, huyo ni stafilokoki. Lisipotoka, tunaelekea kwa streptokoki. Kisha tunamtia stafilokoki katika majimaji ya damu ya sungura na kumwacha saa nne, na ikibidi mpaka kesho. Yule mkali huyagandisha majimaji yale, wale wapole wanaoishi juu ya ngozi ya kila mmoja wetu kwa kawaida hawawezi. Mtihani huu mdogo, unaofanyika ndani ya kijichupa kimoja, umeokoa watu wengi wasimeze dawa wasiyoihitaji.

Huenda mtu akauliza, kuna haja gani ya kutofautisha kichala na uzi? Haja ni kubwa, na ninaomba wenye maduka mnisikilize hapa. Streptokoki wa kundi A mpaka leo huuawa na penisilini ya kawaida, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Stafilokoki, kwa sehemu kubwa, wana kimeng'enya kinachoikata penisilini, na amoksilini nayo hukatwa vilevile. Kwa hiyo mtu mwenye majipu anayeuziwa amoksilini peke yake mara nyingi ameuziwa faraja. Kwa ajili hiyo zilitengenezwa dawa kama metisilini na kloksasilini, ambazo kimeng'enya hicho hakiziwezi. Metisilini ilianza kutumika mwaka 1959, na mwaka 1961 tayari huko Uingereza walikwisha kuonekana stafilokoki walio sugu kwake. Hao nao wapo nasi, na hakuna anayeweza kuwatambua kwa kuliangalia jipu.

Tunawatambua kwa vidonge vya karatasi. Bakteria hutandazwa sawasawa juu ya agari, kisha tunaweka juu yake vijiduara vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali, kwa utaratibu ambao Kirby na Bauer waliuweka wazi mwaka 1966. Dawa husambaa taratibu ndani ya agari. Mahali inapomshinda mdudu hubaki patupu, bila mmea, mfano wa kiwanja kilichofyekwa, nasi tunapima upana wake kwa rula. Kwa stafilokoki wa majipu tunatumia kijiduara cha sefositini, dawa inayosimama badala ya metisilini katika kipimo hiki: kiwanja kikiwa cha milimita 22 au zaidi, kloksasilini itamfaa mgonjwa, kikiwa cha milimita 21 au pungufu, tunaandika kwamba huyu ni sugu kwa metisilini na kwa ndugu zake wote wa kundi hilo. Tofauti ya milimita moja inaamua dawa ya mtu. Ndiyo sababu tunakasirika, naungama, tunapoletewa sampuli iliyochukuliwa bila uangalifu: rula yetu inapima kwa milimita kitu kilichoanza kwa kubahatisha.

Basi uangalifu huo ni upi? Kwanza, sampuli itangulie dawa. Kama mgonjwa amekwisha kuanza dawa, iandikwe kwenye fomu, jina la dawa na siku aliyoanza, tutajua namna ya kusoma matokeo. Pili, kidonda kioshwe kwanza kwa maji safi ya chumvi yaliyochemshwa kitaalamu, usaha wa juu uondolewe, maana ule wa juu umejaa wapita njia. Watu wengi hushangaa kusikia tuoshe kidonda kabla ya kuchukua sampuli, wakidhani tunamfukuza mdudu. Tunayemtafuta hayuko juu. Yuko ndani ya nyama. Ukishaosha, chagua sehemu ndogo iliyo hai, yenye wekundu, kiasi cha sentimita moja kila upande, ukandamize usufi, yaani kile kijiti chenye pamba safi nchani, hapo huku ukiuzungusha kwa sekunde tano, mpaka majimaji ya ndani yapande. Kama ni jipu ambalo halijapasuka, usaha uliovutwa kwa sindano, ndani ya bomba safi, una thamani kuliko usufi kumi. Na jipu likishaiva, dawa yake ya kwanza ni kutumbuliwa na mtaalamu. Vidonge haviingii vizuri ndani ya mfuko wa usaha.

Tatu ni mwendo. Usufi mkavu uliofungiwa kwenye droo usiku kucha huleta maiti. Nasema hivyo nikikumbuka kituo kimoja nilichofanyia kazi nikiwa kijana, ambako sampuli za mchana zilingoja gari la kesho yake, nasi tukaandika kwa miezi kuwa hakuna kilichoota, bila mtu kuuliza kwa nini. Sampuli ifike ndani ya saa mbili. Ikishindikana, kama ilivyo kwa wenzetu wa mbali huko Pangani au vijiji vya Mkinga, itiwe katika mrija wenye chakula cha safari, ile jeli ya Amies inayomweka mdudu hai bila kumzidisha, na isiachwe juani juu ya dashibodi ya gari. Juu ya mrija liwe jina, tarehe, saa, na mahali hasa pa mwili. Neno "kidonda" peke yake halinisaidii. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari, kidonda cha moto, kidonda cha mtema mkonge aliyechomwa na mwiba na kidonda cha aliyekuwa ndani ya maji ya chumvi vina wageni tofauti, nami huandaa visahani kulingana na hayo.

Nisieleweke vibaya kwamba kila kipele kioteshwe. Jipu moja dogo kwa mtu mwenye afya, likitumbuliwa, mara nyingi halihitaji kipimo chochote. Tambazi ambalo ngozi yake haijapasuka, ukipangusa usufi juu yake, utaniletea wenyeji wa ngozi tu. Nao wenyeji hao ni wengi: watu takriban watatu katika kila kumi wamembeba stafilokoki wa majipu puani bila kuumwa. Kuota peke yake, kwa hiyo, hakutoshi kuwa ushahidi. Kidonda kisicho na wekundu, maumivu, joto wala usaha hakina haja ya kuoteshwa, kwa sababu kitaota kitu, na kitu hicho kitamtia daktari kishawishi cha kutoa dawa. Wanaohitaji kipimo ni wale wenye majipu yanayojirudia, vidonda visivyosikia dawa, wenye kisukari, walioungua, waliofanyiwa upasuaji, na wenye homa.

Wazazi, kuna moja la upele. Mtoto akiwashwa akajikuna, streptokoki huingia kwenye mikwaruzo. Vidonda vile huonekana vidogo, na wengi wetu tulikua navyo. Lakini wiki tatu hadi sita baadaye baadhi ya watoto huamka uso umevimba, mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, kwa sababu vita vya mwili dhidi ya streptokoki vimeyajeruhi mafigo. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na upele wenyewe utibiwe kwa nyumba nzima, si kwa mtoto mmoja.

Yapo pia magonjwa ya ngozi ambayo kisahani chetu hakiyajui. Mashilingi na mapunye ni ya fangasi. Tunayatafuta kwa kukwangua magamba na kuyatazama kwa hadubini, na antibiotiki haziyasaidii. Bakteria wa ukoma hajawahi kuoteshwa juu ya agari yoyote tangu Gerhard Armauer Hansen alipomwona mwaka 1873. Hukua ndani ya mwili tu, na watafiti walilazimika kumkuza katika nyayo za panya na katika mnyama wa Amerika aitwaye armadilo, anayefanana na kakakuona wetu. Kwa hiyo baka lisilo na hisia, hata likiwa dogo na lisiloumiza, lisingoje maabara ya kuotesha. Aliye nalo amwone mtaalamu wa ukoma, na dawa zake hutolewa bure.

Wenye maduka, najua mnasimama mbele ya mtu mwenye maumivu, mwenye shilingi chache mkononi, na zahanati imefunga. Sikuja kuwalaumu. Naomba mambo mawili tu. Msiuze kapsuli za kufungua na kunyunyizia kidondani, kwa sababu unga ule huua wachache wa juu, huwafundisha waliobaki, na hutuzibia macho sisi. Na mtu akirudi mara ya pili kwa kidonda kilekile, msimbadilishie dawa. Mwandikieni kwenye karatasi dawa aliyotumia na siku ngapi, aje nayo. Karatasi hiyo itanifaa kuliko mnavyodhani. Majibu kamili yatachukua siku mbili au tatu, na siku hizo mgonjwa asikae bure: kidonda kioshwe, kifunikwe, mguu uinuliwe, na akipata homa arudi bila kungoja karatasi yetu.

Yule mvuvi alipata majibu yake siku ya tatu, yakiwa na jina la mdudu na orodha ya dawa zilizomshinda na zilizoshindwa naye. Kwenye orodha ile ya zilizoshindwa zilikuwamo aina zote mbili alizokuwa akizimeza.

Hapa mezani nimeleta picha kubwa za visahani vinne, cha dhahabu, cha vinukta, cha kijani, na kimoja kitupu kilichotokana na sampuli iliyonyunyiziwa unga. Muuguzi mwenzangu amekaa pembeni na sifongo lenye kidonda cha kuchora, atawaonyesha wauguzi namna ya kuosha, kukandamiza na kuhesabu sekunde tano. Tuanze na wazee, karibuni mbele.